Corolla KE70: 4K inatoka, 4A-GE ya valvu 20 inaingia

Tulipoanzia

Gari ni Toyota Corolla KE70, saluni ya milango minne, kizazi kilichoingia sokoni mwaka 1979. Chini ya boneti kuna 4K: cc 1,290, kamshafti ya chini inayosukuma valvu kwa fimbo, kabureta moja na platini. Injini hii haifi. Tatizo ni kwamba na mlima haiuwezi. Pakia watu wanne na mizigo, gia ya nne inakata tamaa mapema, ya tatu inaanza kulia, na nyuma yako foleni inajipanga.

Inayoingia ni 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi iliyokuja na Levin na Trueno, ndugu za Corolla zenye namba AE111, mwaka 1995. Cc 1,587. Kila silinda ina valvu tano, tatu za kuvuta hewa na mbili za kutoa moshi, na ina throtoli (mlango wa hewa) yake yenyewe ya milimita 45. Mgandamizo ni 11 kwa 1, na Toyota waliiandikia nguvu farasi 165 kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika. Kuna watakaocheka kusikia injini ya miaka ya tisini ikiitwa ya kisasa. Wacheke. Ukitoka kwenye platini na choki ya kuvuta kwa mkono, chochote chenye nozeli za kunyunyizia petroli na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ni cha kisasa.

Kwa nini hii na si 3S, injini nyingine ya Toyota, au hata V8 yao ya 1UZ kama wanavyofanya wengine? Sababu ni ukoo. Injini za familia ya A zilishafungwa kiwandani kwenye bodi hii hii. AE71 ni ndugu yake KE70 mwenye injini ya A. Kwa hiyo krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba injini) ipo, mauntingi za kuishikilia injini zipo, giaboksi ya T50 ipo, zote za Toyota, zote za bolti. Halafu sitaki pua nzito. KE70 ni gari jepesi na utamu wake uko hapo. Ukilibebesha chuma kingi mbele, litakimbia barabara ikinyooka na kukugomea kwenye kona.

Kanuni niliyojiwekea ni moja: bodi haikatwi. Kila ninachofunga kiwe cha kufunguka, ili mtu atakayelimiliki baadaye akitaka 4K yake airudishe. Na 4K yenyewe haiuzwi, inawekwa. (Kanuni hiyo ilikuja kupata taabu, nitaeleza mbele.)

Kuikagua kabla ya kuilipia

Injini iliyong'olewa kwenye gari usiloliona ni kamari, unachoweza ni kuipunguza. Niliomba plagi zote zitolewe, throtoli zishikwe wazi kabisa, nikapima mgandamizo. Silinda tatu zilisoma karibu sawa na moja ilikuwa chini kidogo, ndani ya asilimia tano. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ninayoiangalia zaidi kuliko namba yenyewe, maana geji hazifanani na nguvu za betri hazifanani. Kofia ya oili haikuwa na ute mweupe. Kamshafti, ukichungulia, ziling'aa bila mikwaruzo.

Kilichonichukua muda ni waya. Nilitaka mkanda mzima wa waya kutoka kwenye sensa hadi kwenye plagi za kontroli boksi, bila kukatwa, na kontroli boksi iwe ya gari la gia za mkono. Muuzaji aliyekata waya kwa msumeno ili ashushe injini haraka anakuuzia nusu ya injini. Hii ilikuwa nzima.

Kwa anayechagua kati ya kifuniko cheusi na kile cha fedha cha AE101 kilichotangulia: cha fedha kina mgandamizo mdogo kidogo na kinapima hewa kwa kifaa cha mlango kinachokaa kwenye njia ya hewa. Kifaa hicho ni kikubwa na kinadai boksi na paipu zake. Cheusi kinasoma vakyumu kwa sensa ndogo unayoifunga popote kwa skrubu mbili. Kwenye chumba cha injini cha KE70 hilo peke yake linatosha kukata shauri.

Ikiwa bado stendi, nikabadilisha mkanda wa taimingi na roli zake, pampu ya maji, na oili sili za mbele na nyuma. Kazi hizo mezani ni za kukaa kwenye kigoda. Ndani ya gari ni za kulala chali na oili ikikudondokea shingoni.

4K nje

Hakuna la kusimulia sana. Rejeta, boneti, waya chache mno hata unajiuliza gari lilikuwa linawakaje, propela, mauntingi mbili na ya giaboksi, winchi, juu. Nilimwagia oili kidogo kwenye kila silinda, nikaizungusha kwa mkono, nikarudisha plagi na kuifunga kwenye turubai. Kila bolti imo kwenye mfuko wake wenye maandishi.

Chumba cha injini kikiwa kitupu ndipo unapokiona kilivyo. Kuna kutu sehemu moja tu, chini ya betri, pale asidi ilipokuwa ikidondoka miaka yote. Nimekwangua, nimepaka rangi ya kuzuia kutu, nimeendelea.

Krosimemba, giaboksi, na beringi ya ukubwa wa pete

Krosimemba ya AE71 ilikaa kwenye matundu yale yale ya bodi. Faida yake juu ya ile ya AE86, Corolla ya kusukuma kwa nyuma ya kizazi kilichofuata, ni usukani: AE86 ina raki iliyofungwa kwenye krosimemba, KE70 ina boksi la usukani na fimbo zake, na ya AE71 haiingilii mpangilio huo.

Sampu ya AE111, lile bakuli la oili chini ya injini, imeumbwa kwa injini iliyolala kukingama, ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Nimeweka sampu ya gari la kusukuma kwa nyuma pamoja na mdomo wake wa kunyonya oili. Hapa usiamini macho. Nilibandika donge la plastisini kwenye mdomo, nikaweka sampu bila gasketi, nikaikaza kwa mkono, nikaitoa na kupima unene uliobaki. Milimita 6 na ushee. Mdomo ukigusa chini unajiziba, na ukikaa juu sana utavuta hewa gari likifunga breki ghafla.

Flaiwili nayo ina mtego wake. Kranki ya 4A-GE inaishika kwa bolti 8, ilhali 4A-C ya kabureta ni bolti 6, kwa hiyo flaiwili inayokuja na giaboksi ya AE71 haikai hata ufanyeje. Tafuta ya bolti 8 inayolingana na klachi ya T50 kabla ya kupanga siku ya kuunganisha.

Na kuna kale kaberingi. Kwenye gari la kuvuta mbele, shafti ya giaboksi inajitegemea, haihitaji kushikiliwa na kranki, kwa hiyo injini inakuja na tundu tupu katikati ya mkia wa kranki. T50 shafti yake ndefu inaingia humo na inataka beringi. Ni kadude ka ukubwa wa pete, na ukilisahau, giaboksi itafunga vizuri, gari litatembea, halafu baada ya muda klachi inaanza kukwaruza na gia ya kwanza inakataa kuingia. Utashusha kila kitu upya kwa ajili yake. Nililigonga taratibu kwa soketi inayolingana na ukingo wake wa nje, nikahakikisha linazunguka kwa kidole.

Fayawoli

Kanuni ya kutokata bodi iliishia hapa.

Hedi ya valvu 20 ina distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, kwenye mkia, imeungwa moja kwa moja kwenye ncha ya kamshafti na kutazama nyuma. Ndani ya AE111 injini imelala kukingama, kwa hiyo mkia wa hedi unatazama ubavuni na nafasi ipo. Ukiigeuza injini ili isukume magurudumu ya nyuma, mkia huo unaangaliana na fayawoli, lile bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Tuliishusha injini ikiwa na giaboksi yake, mkia ukitangulia chini, pua juu. Mauntingi zilipokaribia kukaa, kofia ya distribyuta ikagusa bati. Bado kidole kimoja injini ikae.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, kusogeza injini mbele: unatengeneza vipande vya kusogezea mauntingi, na papo hapo sampu inasogelea fimbo za usukani na puli inasogelea rejeta. Ya pili, kuachana na distribyuta, kuweka koili kwa kila plagi na kontroli boksi ya kupangwa kwa kompyuta. Ni njia safi na wengi wanaisifu. Lakini sensa za mzunguko za injini hii zimo ndani ya distribyuta yenyewe, kwa hiyo ukiitoa unatakiwa uweke sensa nyingine kwenye kranki na gurudumu lake la meno, halafu uanze kupanga petroli na moto kuanzia sifuri. Nilitaka gari linalowaka kwa programu ya kiwandani. Ya tatu ni kuunda mfuko kwenye fayawoli.

Nilikuwa nimeshaanza kushawishika na ya kwanza, maana ilibaki milimita chache tu. Mzee anayenichomelea akainama, akaangalia, akauliza:

“Kijana, hiyo kofia utaitoaje?”

Nikamwambia, mzee, ikifika siku hiyo nitalegeza mauntingi niisukume injini mbele.

“Usiku? Barabarani? Na mvua?”

Sikuwa na jibu. Kofia hutoka kwa kuvutwa nyuma, na rota iliyo ndani yake hali kadhalika. Vyote viwili ni vitu vya kuchakaa. Haitoshi kofia ikae bila kugusa, lazima nyuma yake pabaki nafasi ya urefu wa kofia na vidole vya mtu juu yake. Ukisogeza injini mbele milimita chache unapata gari linalowaka na ambalo huwezi kulihudumia. Mzee akachukua chaki akachora mraba kwenye bati, mkubwa kuliko nilivyopenda.

Kabla ya kukata tulitengeneza mfuko wa kadibodi. Tuliukunja, tukaupachika kwa gundi ya karatasi, tukashusha injini tena, tukajaribu kutoa kofia ya distribyuta mkono ukiwa umepinda kama utakavyopinda siku ya kazi. Kadibodi ya kwanza ilikuwa fupi kwa upande wa waya wa plagi ya nne. Ya pili ilikubali. Ndani ya gari dashibodi ilishatolewa, boksi la hita likashushwa kidogo na kufungwa kwa vishikizo vipya, zulia na sponji vikaondolewa mbali na moto. Betri ilitolewa nje na kontroli boksi haikuwa hata kwenye gari. Umeme wa kuchomelea haubishi hodi.

Bati la mfuko ni la milimita 1.2. Mzee alichomelea kwa nukta nukta, huku na kule, akiacha papoe, kwa sababu bati la bodi ukilichoma mstari mmoja mrefu linajikunja. Kisha sila kwenye maungio, rangi pande zote mbili, na sponji ya kuzuia joto kwa ndani.

Kipande kilichokatwa hakikutupwa. Kimekatwa kwa mistari minyoofu makusudi, kimepakwa rangi, na kiko pamoja na 4K. Anayetaka kurudisha fayawoli ya kiwandani anahitaji mashine ya kuchomelea na mchana mmoja. Nimeamua kwamba hiyo bado inahesabika kuwa ni kurudika. Wabishi wabishe.

Maji

Mtoko wa maji ya moto nao uko mkiani mwa hedi, kwa hiyo paipu la juu la rejeta haliwezi kwenda moja kwa moja mbele kama kwenye 4K. Tumetengeneza kiwiko kifupi cha alumini, kikaungwa na paipu la chuma linalopita pembeni mwa hedi hadi mbele, na mpira mfupi kila upande. Njia ndefu kiasi hicho ina sehemu moja iliyo juu kuliko rejeta, na hewa itakaa hapo hapo. Tukaweka skrubu ya kutolea hewa kwenye kilele cha kiwiko. Wakati wa kujaza, pua ya gari imeinuliwa kwa jeki, hita imefunguliwa, skrubu inaachwa wazi mpaka maji yatoke bila povu.

Jambo moja la kushikilia: thermostati ya injini hii iko upande wa kuingilia maji, si wa kutokea. Inajua joto la injini kwa sababu kuna njia ndogo inayoirudishia maji ya moto. Ukiona kapaipu kembamba ka kurudishia na ukadhani hakana kazi, ukakaziba ili chumba kionekane nadhifu, thermostati itabaki inasikiliza maji baridi na kuchelewa kufunguka huku hedi ikichemka. Nimeona picha nyingi za kazi nzuri za namna hiyo.

Feni ya 4K ilizungushwa na pampu ya maji. Sasa ni ya umeme, yenye rilei yake, inayowashwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta. Rejeta yenyewe ni nene kuliko ya zamani.

Petroli

Tangi la gari la kabureta limezoea maisha ya starehe. Pampu ya 4K inasukumwa na kamshafti, inatoa presha ndogo, na kabureta ina bakuli lake la akiba: petroli ikikimbilia upande mmoja wa tangi kwenye kona, bakuli linaziba pengo na dereva hajui. Nozeli hazina akiba. Zinataka presha ya karibu baa 3 muda wote, na pampu ya presha ikimeza hewa sekunde moja tu, injini inakata kwenye kona, pale pale unapoitegemea.

Ningeweza kufungua tangi na kuchomelea kuta za ndani. Tangi la petroli na moto sivitaki pamoja, hata likioshwa. Nimeweka chungu kidogo cha chuma cha lita moja na nusu hivi, nyuma, nje ya chumba cha abiria. Pampu ya presha ndogo inatoa petroli kwenye tangi na kukijaza. Pampu ya presha inanyonya kutoka chini ya chungu. Petroli iliyozidi inayorudi kutoka kwenye reli ya nozeli inaingia chunguni, na chungu kikijaa kinamwaga tangini kupitia tundu la juu. Pampu mbili zina kelele, hilo nimelikubali.

Mipira yote ya upande wa presha ni ile iliyoandikwa kuwa ni ya nozeli, na klipu zake ni zile zinazobana mzunguko mzima bila kukata mpira. Mpira wa kabureta unafanana nao kwa macho. Utapasuka, na utapasukia juu ya ekzosi.

Waya

Watu wengi hukimbia hapa, na mimi hapa ndipo nilipofurahia zaidi. Waya za Toyota zina adabu: kila tundu la plagi ya kontroli boksi lina jina, na majina hayo hayabadiliki sana kutoka gari hadi gari. PIM ni sensa ya vakyumu. THW ni joto la maji, THA joto la hewa, VTA throtoli. G na NE zinatoka kwenye distribyuta, zinaeleza kamshafti iko wapi na kranki inazunguka kasi gani. IGT ni amri ya kuwasha moto, IGF ni jibu kwamba moto umewaka. FC ndiyo inayoruhusu pampu ya petroli, na inairuhusu injini ikizunguka tu. Ajali ikitokea na injini ikazima, pampu inazima.

Nilitandaza mkanda mzima sakafuni, nikaweka lebo kila ncha, nikaanza kutoa visivyohitajika: kiyoyozi, taa za gari la zamani, vitu vya mlango. Waya zinazobaki kuunganishwa na gari ni chache kuliko watu wanavyodhani. BATT, umeme wa kudumu wa kumbukumbu. +B, umeme unaokuja kupitia rilei kuu swichi ikifunguliwa. STA, ishara kwamba stata inazunguka, ili injini ipewe petroli ya kuanzia. Taa ya hitilafu. Ishara ya mizunguko kwa ajili ya geji. Na ethi.

Kuhusu ethi nitarefusha kidogo. Kontroli boksi ina ethi zake, E1, E01 na E02, na kiwandani zilikazwa kwenye injini yenyewe. Mimi nimezirudisha kwenye injini pia, kwenye bolti iliyokwanguliwa rangi, halafu kebo nene kutoka injini hadi betri, na nyingine kutoka injini hadi bodi. Gari la miaka arobaini lina rangi juu ya rangi na kutu katikati. Ukiikaza ethi ya sensa kwenye bodi hiyo, sensa zitadanganya kila ukiwasha taa, na utabadilisha sensa nzima moja baada ya nyingine bila kupona.

Oltaneta mpya ina regyuleta ndani yake. Gari lilikuwa na regyuleta ya nje iliyofungwa ubavuni. Imeondolewa, na waya wa L wa oltaneta umeungwa kwenye taa ya chaji ya dashibodi ya zamani. Taa hiyo inawaka na kuzima kama ilivyowaka na kuzima mwaka ilipotoka kiwandani.

Kuwasha

Kwanza plagi nje, nozeli zimechomolewa, stata inazungusha mpaka taa ya oili izime. Kisha pampu za petroli kwa umeme wa moja kwa moja, na mtu mwenye tochi anakagua kila kiungo huku wengine wakisubiri mbali na kifaa cha kuzimia moto mkononi. Kiungo kimoja kwenye chungu kilitoa jasho, kikakazwa.

Iliwaka jaribio la kwanza, ikatetemeka, ikazima. Ikawaka tena na kubaki, lakini kwa sauti ya kukwamakwama, silinda zisizopatana. Hilo nililitarajia: throtoli nne zilizofunguliwa na kusafishwa haziwezi kurudi zikilingana zenyewe. Wenye vifaa hutumia geji za vakyumu. Nimetumia kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa throtoli ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Hewa inapoingia inapiga mluzi, na mluzi wa ndani zaidi ni throtoli iliyofunguka zaidi. Ya tatu ilikuwa inavuta peke yake kuliko wenzake. Unageuza skrubu ya kiungo robo, unasikiliza tena. Zilipolingana mtetemo ulikoma, na usukani ukatulia mikononi.

Taimingi ya moto ikapimwa kwa njia ya Toyota: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi, ili kontroli boksi iache kujiamulia, halafu unamulika puli kwa taa ya taimingi na kugeuza distribyuta mpaka alama isome nyuzi 10 kabla ya kilele. Ukitoa waya, alama inaruka mbele yenyewe. Isiporuka, kuna kitu kontroli boksi haikioni. Iliruka.

Na kofia ya distribyuta inatoka. Nimejaribu, injini ikiwa imekaa, kwa mkono mmoja. Mzee hakusema kitu, alicheka tu.

Barabarani, na yaliyobaki

Propela imetengenezwa upya kwa urefu wa T50 na kupigwa balansi. Difu ni ile ile ya zamani. Nilipiga alama ya chaki kwenye propela na kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, nikayazungusha pamoja mzunguko mmoja kamili: propela ilizunguka mara nne na kidogo, kwa hiyo ni 4.1. Kwa matairi ya 175/70 ya inchi 13 na gia ya tano ya T50 ambayo ni 0.861, kilomita 100 kwa saa inanipa mizunguko kama 3,250. Kwa safari ni sawa. Swali ni je, difu ndogo ya gari la cc 1,290 itavumilia? Ukiiondokea taratibu, naamini ndiyo. Ukiachia klachi kwenye mizunguko 6,000 ili kumfurahisha jirani, hapana. Difu ya AE86 yenye uwiano wa 4.3 iko kwenye orodha.

Breki sikuzisubirisha. Diski nyembamba za mbele zimetoka, zimeingia zenye upenyo wa hewa, na pampu ya breki mpya. Hili lilifanyika kabla gari halijagusa lami, na ningemshauri yeyote afuate mpangilio huo. Ila kumbuka kwamba kwenye gari la usukani wa kulia midomo ya throtoli iko upande ule ule wa pampu ya breki, kwa hiyo boksi la hewa linabanwa. Langu ni la bati la kukunja, jembamba kuliko nilivyotaka, lenye kichujio kimoja kinachovuta hewa kutoka nyuma ya taa ya mbele, mbali na joto la rejeta.

Mlimani? Gia ya nne, watu wanne. Chini ya mizunguko 3,000 tofauti na 4K si kubwa kiasi hicho, na wanaotarajia kurushwa kwenye kiti watasikitika. Injini hii msukumo wake wa juu kabisa uko kwenye 5,600, si ya wavivu wa gia. Lakini ukipita 4,500 inabadilisha sauti, midomo minne inapiga kelele mbele ya miguu yako, na mkono unatafuta gia ya juu kabla hujaamua. Joto la maji lilipanda mpaka katikati ya geji likabaki hapo mlima mzima, feni iliwaka tuliposimama kileleni, ikazima.

Yaliyobaki: spidomita inasoma pungufu, maana kijigia kinachozungusha kebo ndani ya T50 hakikukusudiwa difu hii, kuna vya meno tofauti na nitatafuta kinacholingana. Breki za nyuma bado ni dramu na zinakaza mapema kuliko za mbele kwenye changarawe. Na ekzosi inagonga bodi gari likipita kwenye tuta likiwa na mzigo, nyuma ya kishikizo cha pili. Mpira wa kuning'inizia ni mrefu mno, Jumamosi naukata.